Kujiunga na chama cha kaligrafia: wanachofanya huko, na uanze na warsha ipi

Mleta mada, nimesoma swali lako mara mbili. Umejifunza kaligrafia, sanaa ya kuandika herufi nzuri kwa kalamu, peke yako kwa miezi 8 kupitia video, herufi zimegoma kusogea mbele, na sasa chama cha kaligrafia kilicho karibu nawe kimekualika kwenye warsha. Unaogopa mambo mawili: kuonekana huna kiwango, na kwamba unaandika kwa mkono wa kushoto. Unauliza wanachama hufanya nini hasa huko, na uanze na warsha ipi. Nimekaa kwenye chama cha namna hiyo miaka 11, mitatu kati ya hiyo nikiwa mratibu wa warsha, kwa hiyo univumilie, jibu litakuwa refu.

Nenda. Sikuambii hivyo kwa sababu ya cheti wala vifaa vya kuazima, ingawa vifaa vya kuazima vipo. Video inakuonyesha mkono wa mwalimu lakini haiuoni wako, na kwenye kaligrafia kosa huanzia mkononi kabla halijafika kwenye karatasi.

Mimi nilijisomesha kwa video miaka 2 mizima. Kilichonishinda ni herufi o ya hati ya msingi, ule mtindo wa herufi za mviringo ambao wengi huanza nao. Ukishika nibu bapa, yaani ncha ya kalamu yenye ukingo mpana, kwa pembe ya digrii 30 na usiibadilishe, o inatoka na sehemu mbili nyembamba, moja juu ikielekea kushoto, nyingine chini ikielekea kulia. Za kwangu hazikutulia. O moja wembamba uko juu kabisa, inayofuata umehamia pembeni, ya tatu haina wembamba popote. Nikaamini nibu ni mbovu. Nikabadilisha nibu, nikabadilisha wino, nikabadilisha karatasi.

Siku yangu ya kwanza chamani, mama mmoja mtu mzima alisimama nyuma ya bega langu, akanitazama nikiandika mstari mzima bila kusema neno. Kisha akaichukua kalamu yangu taratibu, akaniwekea mkononi penseli mbili zilizofungwa pamoja kwa mpira, ncha zote mbili zikigusa karatasi. "Andika o moja, mwanangu." Penseli mbili ni nibu iliyoachwa wazi: kila ncha inachora njia ya kona moja ya nibu, na pale njia hizo zinapokatana ndipo wembamba wa herufi ulipo. Nikaandika. Mistari ikaanza vizuri, ikateremka, halafu kwenye tumbo la herufi ikaanza kujisokota. "Umeona? Vidole vyako vinaigeuza kalamu ukifika hapo. Vitulize, acha mkono mzima utembee." Nikaandika nyingine, na nyingine. Ya sita mistari ilikatana mahali pake. Haikufika robo saa. Mpaka leo nina zile penseli kwenye kopo langu la kalamu, na kila mgeni ninayeketi naye naanza naye hapo.

Sasa, ratiba. Vyama vinatofautiana, ila mwaka wetu una mkutano wa kila mwezi, siku za mazoezi, warsha ndefu za mwisho wa wiki chache tu kwa mwaka, maonyesho mara moja, na kazi za kujitolea kama kuandika majina kwenye vyeti. Kuna pia kubadilishana bahasha: unapangiwa mwenzako, unaandika jina na anwani yake kwa hati unayotaka, unaitia stempu na kuituma. Inaonekana jambo dogo, lakini bahasha inakufundisha mpangilio haraka, kwa sababu nafasi ni finyu, maneno huyachagui wewe, na mtu wa posta lazima aweze kusoma.

Watu wengi huvutwa na zile warsha kubwa. Kwa maoni yangu siku ya mazoezi ndiyo moyo wa chama. Hakuna mwalimu rasmi. Kuna meza ndefu, kila mtu na kazi yake, na ukimya fulani mzuri ambamo unasikia nibu zikikwaruza karatasi. Siku moja jirani yangu, bila hata kuinua kichwa, aliniambia, "Kalamu yako inalia upande mmoja." Kweli, nilikuwa naikandamiza kona ya kushoto ya nibu, na kona ya kulia ilikuwa inaelea. Alisikia kabla hajaona. Hapo hapo mezani nilijifunza kwamba nibu mpya hutoka kiwandani na mafuta ya kuizuia isipate kutu, ndiyo maana wino unajikunja matone badala ya kuteremka, na dawa yake ni kuiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Nilijifunza kuweka karatasi chakavu chini ya mkono ili jasho na mafuta ya ngozi visiguse ukurasa, na kuilisha nibu wino kwa brashi ndogo badala ya kuichovya, ili isije ikamwaga tone zito kwenye herufi ya kwanza. Mambo haya hutayapata kwenye tangazo la warsha yoyote.

Warsha yenyewe, ikiwa nzuri, inashika hati moja tu kwa siku mbili. Asubuhi ya kwanza huenda usiandike neno lolote. Unaanza na ngazi ya nibu: unaigeuza kalamu, unapiga vijiraba, yaani miraba midogo, vilivyopandana kama ngazi, kila kimoja upana wa nibu, na urefu wa ngazi hiyo ndio urefu wa herufi ndogo. Hati ya msingi ni vijiraba 4, italiki, ile hati ya herufi zilizolala kidogo, ni 5. Ukibadilisha nibu, unapiga ngazi upya na kuchora mistari upya. Wanaojifunza peke yao hukosea sana hapa: wananunua nibu nene zaidi, wanaitumia kwenye mistari ileile ya zamani, herufi zinakuwa nzito kama matofali, kisha wanajilaumu kwamba hawana kipaji. Kama herufi zako zimegoma, kagua hili leo kabla hujakagua lingine.

Baada ya ngazi zinakuja koo za herufi. O inazaa c, e, d, q, b na p. N inazaa m, h, r na u. Halafu zile za mshazari, v, w, x na wenzao. Unaandika ukoo mmoja mpaka herufi zake zifanane kama ndugu, na mwalimu anapita nyuma ya viti. Mwalimu mzuri mara nyingi anaanza kwa kusogeza karatasi yako, hata kabla hajakurekebisha herufi. Nimewahi kumwona mwanafunzi akihangaika saa nzima na mshazari wa italiki, mwalimu akaja akaizungusha karatasi kidogo tu, akaenda zake, na mistari ikanyooka.

Utasikia pia historia, na nakuomba usiione kama kijazia muda. Hiyo hati ya msingi ina asili yake. Edward Johnston, aliyeanza kufundisha kaligrafia London mwaka 1899, alikuwa akienda kuchunguza vitabu vya kale vya kuandikwa kwa mkono vilivyokuwa British Museum, akitaka kujua zile herufi zilitoka kwenye kalamu ya namna gani na iliyoshikwa vipi. Hati aliyokuja kuwafundisha wanafunzi wake aliijenga juu ya kitabu cha Zaburi kilichoandikwa Uingereza katika karne ya 10. Mwaka 1921 huko London kikaanzishwa chama cha waandishi na wapambaji wa hati, Society of Scribes and Illuminators, ambacho kingali hai. Mwalimu anapokuwekea mezani picha ya ukurasa wa zamani iliyokuzwa, anataka ufanye alichofanya Johnston: utazame pale kalamu ilipoingia na ilipotoka.

Warsha iliyonibadilisha zaidi, hata hivyo, ilikuwa ya khati ya Kiarabu, ambayo hata sikuwa nimepanga kuhudhuria. Huko kipimo ni nukta: unaikandamiza kalamu ya mwanzi iliyochongwa mshazari, inaacha alama ya pembe nne, na kwa nukta hizo unahesabu urefu wa alifu na upana wa herufi nyingine. Mfumo huo wa kupima unahusishwa na Ibn Muqla, mwandishi wa khati wa Baghdad aliyefariki mwaka 940. Mwalimu aliandika mstari mmoja, sisi tukaunakili chini yake, naye akapita akiweka nukta pembeni ya alifu zetu na kuhesabu kwa sauti. Ndani ya kidau alikuwa ameweka nyuzi za hariri, wino unakaa kwenye nyuzi, na kalamu inachukua unaotosha tu. Nilirudi nyumbani nikiitazama ngazi yangu ya vijiraba kwa macho mengine. Watu wa Baghdad na watu wa London, kila mmoja kwa njia yake, walifikia jambo lilelile: kalamu ndiyo rula.

Kuhusu uanze na warsha ipi: chagua hati ya msingi au italiki, chochote kitakachotangulia, na ukishaingia usihame kwa miezi 6. Usianze na warsha ya dhahabu. Najua inavutia. Unapaka gundi kwenye herufi, unaipumulia kupitia kibomba cha karatasi ili unyevu wa pumzi uiamshe, unalaza juu yake dhahabu nyembamba kiasi kwamba ukipiga chafya imepotea, na inang'aa kweli. Lakini nimeona herufi ovyo zilizopakwa dhahabu, na dhahabu ilizifanya zionekane ovyo zaidi. Warsha ya mikia na mapambo nayo iache kwanza, mkia unaota kwenye herufi iliyosimama vizuri.

Kuhusu hofu ya kiwango, nikusimulie la kwangu. Kwenye maonyesho yangu ya pili niliandika shairi refu, kazi ya wiki 3. Lilikuwa na mistari miwili iliyomalizikia kwa neno moja. Jicho langu lilitoka kwenye mstari wa kwanza, likarudi kwenye wa pili, na mstari mzima ukarukwa. Sikugundua. Aligundua mgeni, mbele ya watu, kwa sauti. Nilitaka kuishusha kazi ukutani usiku uleule. Mzee mmoja wa chama akanishika mkono, akaniambia kwamba kosa hilo ni la zamani kama kazi yenyewe, kwamba waandishi wa kunakili vitabu kwa mkono walilifanya karne na karne, na kwamba kurasa zao zimejaa mistari iliyorudishwa pembezoni kwa alama. Kesho yake alikuja na wembe mpya. Akanionyesha jinsi ya kukwangua wino kwenye karatasi nene, kwa kulaza wembe na kufuata upande mmoja, kisha kuilainisha sehemu hiyo kwa kuisugua na mgongo wa kijiko, kupitia karatasi laini. Nilifuta neno moja, nikaweka alama ndogo nyekundu, nikauandika ule mstari pembeni kama walivyofanya wao. Kazi ilibaki ukutani mpaka siku ya mwisho.

Hao ndio watu unaowaogopa. Katika mkutano wetu wa kila mwezi kazi zinawekwa mezani bila majina, na kanuni ni kwamba kabla ya kutaja kosa lazima uonyeshe kwa kidole herufi moja iliyosimama sawasawa. Ukurasa wa mtu wa miezi 8 huwa nayo. Chama ambacho kinamcheka anayeanza nacho kipo, nilishawahi kutembelea kimoja, na nilikaa saa moja tu nikaondoka. Ukikuta hivyo, ondoka nawe, ila usikihukumu chako kabla hujaketi nao.

Sasa mkono wa kushoto. Watu wa mkono wa kushoto tunao, na wawili kati ya waandishi wetu bora ni wa huko. Kinachowasumbua ni pembe: nibu bapa iliyokatwa sawa inawalazimu wapinde kifundo mpaka kiume. Kuna nibu zilizokatwa mshazari kwa ajili yao, jaribu hizo kwanza. Halafu angalia mkono wako unakaa wapi. Ukiwa unaandika mkono ukiwa chini ya mstari, sogeza karatasi upande wa kushoto wa mwili wako, kiwiko kiwe karibu na ubavu, kisha izungushe karatasi mpaka pembe ije yenyewe. Ukiwa unapinda mkono kwa juu, wino mbichi utakuwa chini ya kiganja chako, na hapo wengine huigeuza karatasi robo duara nzima na kuandika kama wanaoteremka. Ni ajabu kuitazama lakini inafanya kazi. Na kwa hati zile za nibu kali ya ncha, zenye mshazari mkubwa, wengi wa mkono wa kushoto wanaoandika chini ya mstari hupata wepesi ambao sisi wa kulia tunautafuta kwa vishikio vilivyopindwa.

Mwandikie mratibu kabla ya siku yenyewe, mwambie wewe ni wa mkono wa kushoto. Atakuwekea kiti cha mwisho upande wa kushoto wa meza, kiwiko chako kisigongane na cha jirani, na taa ataihamishia kulia kwako ili kivuli cha mkono kisiangukie herufi. Beba karatasi ulizoandika miezi hii yote, hasa zile mbaya.