Simuleta za saketi zinafundisha, ila kisia kwanza

Mkuu, umeuliza kama mtu anaweza kujifunza kubuni saketi kwa simuleta (programu zinazoiga saketi) za kwenye kivinjari peke yake, kwa kuwa vifaa huna na umeme unauogopa. Unaweza kufika mbali, ila si mpaka mwisho. Mimi nilianzia huko huko.

Anza na simuleta iitwayo Falstad. Umbo lake ni la kizamani, lakini mkondo wa umeme unauona kwa macho: vidoti vya njano vinatembea kwenye waya, na waya wenyewe ni kijani penye volti chanya, nyekundu penye hasi, kijivu penye sifuri. Tinkercad, simuleta nyingine, inafaa ukitaka bredibodi (ubao wa kuchomeka vifaa bila kulehemu) na msimbo wa Arduino, ile bodi ndogo yenye chipu unayoiandikia programu. LTspice ni ya kuweka kwenye kompyuta, hiyo iache kwanza.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kubadilisha namba ovyo hadi taa iwake, halafu najiona fundi. Nilibadilika siku nilipoanza kuandika kisio kwenye karatasi kabla ya kubonyeza. Nilichora rezista (kifaa kinachopunguza mkondo) ya omu 10,000 na kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji) ya maikrofaradi 100, betri ya volti 5. Kuzidisha rezista kwa kapasita kunatoa sekunde 1, basi nikaandika: baada ya sekunde 1 kapasita imejaa, volti 5. Ikasoma 3.16. Nikarudia, 3.16 tena. Kumbe kadiri kapasita inavyojaa, volti zinazobaki kwenye rezista zinapungua, na mkondo nao unapungua, ndiyo maana mchoro unapinda. Sekunde 1 inakupa asilimia 63 tu. Kujaa kabisa subiri kama sekunde 5. Fomula nilikuwa naijua. Maana yake sikuwa nayo.

Sasa, simuleta inadanganya pande zote mbili. Nilichora saketi ya transista mbili (swichi zinazoendeshwa na umeme) za kupokezana, taa mbili ziwake kwa zamu. Zikawaka zote na kuganda. Nilihangaika jioni nzima kutafuta waya niliokosea, na haukuwepo. Tatizo ni kwamba kwenye skrini pande mbili zinafanana kabisa, hivyo hakuna wa kuanza. Transista halisi hazifanani hata siku moja. Nikaipa kapasita moja ya saketi hiyo volti kadhaa za kuanzia, zikapokezana vizuri.

Kinyume chake ni mota yangu. Kwenye skrini safi kabisa. Mezani, kila ikianza, chipu inayotumia betri hiyo hiyo inajizima na kuwaka upya. Betri ya kwenye skrini haichoki. Ya kweli ina ukinzani wa ndani: ukiwa omu 2 na mota ikavuta ampea 1 wakati wa kuanza, volti 2 zinapotea humo humo, na betri ya volti 6 inabaki na 4. Niliitenganishia mota betri yake, nikaunga upande hasi wa betri zote mbili, nikaweka daiodi (kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu) sambamba na mota. Siku hizi kila betri ninayochora naiunganishia rezista ndogo mfululizo, na tatizo la aina hiyo naliona mapema.

Kuhusu woga: betri za volti chache hazitakurusha. Umeme wa ukutani usiuguse kwa sasa.

Chora hiyo ya kapasita leo, kisha utuwekee hapa mchoro pamoja na kisio chako, hata kama umekosea.