Uliza Ujibiwe: Sauti ya Mzee Iroh Ilikuwa ya Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Wanangu hawabanduki kwenye runinga inapoonyeshwa katuni ya Avatar: The Last Airbender, nami kila nikimsikia yule mzee Iroh, mpenda chai, nahisi sauti hiyo si ngeni masikioni mwangu. Jirani yangu anashikilia kuwa ni ya yule mchawi wa Conan the Barbarian, filamu tuliyoitazama ujanani kwenye mikanda ya video. Je, ni kweli? Na kama mtu huyo ni hodari kiasi hicho, mbona hatukuwahi kumwona akiwa stelingi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Jirani yako yuko sahihi, ila katika msimu wa tatu utakayemsikia ni mwigizaji mwingine, Greg Baldwin, kwa sababu mwenye sauti ya awali alifariki Julai 2006, kabla ya kazi kwisha. Huyo ni Makoto Iwamatsu, aliyejulikana kwa jina moja tu la Mako, na katika Conan ya 1982 hakuwa mchawi peke yake, bali pia ndiye msimulizi unayemsikia filamu inapoanza.

Alizaliwa Kobe, Japani, mwaka 1933. Wazazi wake walikuwa wachoraji walioipinga serikali ya kijeshi ya nchi yao, na mwaka 1939 walikwenda Marekani wakamwacha kijana wao kwa bibi yake. Vita Kuu ya Pili ya Dunia vikaingia kati, naye hakuungana nao hadi 1949. Huko alianza kusomea usanifu wa majengo, akatumikia jeshi la Marekani, akapata uraia mwaka 1956, kisha akajifunza uigizaji katika Pasadena Playhouse, California.

Swali lako la pili ndilo zito. Wakati Mako anaingia Hollywood, mwigizaji mwenye sura ya Kiasia aliitwa awe mtumishi, dobi au askari wa adui, na hata nafasi ya kuchekesha ya Mjapani ingeweza kupewa Mzungu aliyepakwa vipodozi, kama alivyopewa Mickey Rooney mwaka 1961 katika Breakfast at Tiffany's. Hivyo Mako alikubali nafasi ndogo zilizokuwapo, akazicheza kwa namna ambayo mtazamaji hakuweza kumsahau. Katika M*A*S*H, tamthilia ya runinga kuhusu madaktari wa jeshi la Marekani katika vita vya Korea, alionekana zaidi ya mara moja, kila mara akiwa mtu mwingine: huku daktari Mchina, kule ofisa wa Korea Kusini.

Mfano bora kuliko yote ni The Sand Pebbles ya mwaka 1966, inayosimulia habari za meli ya kivita ya Marekani nchini China katika miaka ya 1920. Mako ni Po-han, kibarua wa chumba cha injini, na kwenye karatasi hakuwa zaidi ya hapo. Lakini mtazame baharia Holman, anayechezwa na Steve McQueen, anapomfundisha jinsi mvuke unavyosukuma mitambo: uso wa Po-han unapita kutoka hofu hadi shauku, na kutoka shauku hadi fahari ya mtu aliyegundua kwamba kumbe anaweza kuielewa kazi ambayo siku zote aliambiwa aifanye tu. Baadaye anapokamatwa na kuteswa ufukoni, huku akilia apigwe risasi ili mateso yaishe, Holman ndiye anayelazimika kufyatua. Nafasi hiyo ilimfanya Mako ateuliwe kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi, ingawa tuzo yenyewe ilichukuliwa na Walter Matthau. Kwa mwigizaji mwingine, uteuzi wa namna hiyo ungefungua milango ya nafasi kubwa. Kwake haikuwa hivyo, na sioni sababu nyingine isipokuwa sura yake.

Hata hivyo hakukaa akingoja kuitwa. Mwaka 1965 yeye na wenzake walianzisha kundi la East West Players huko Los Angeles, ili waigizaji wenye asili ya Asia wacheze tamthilia yoyote waitakayo, naye akaliongoza hadi 1989. Mwaka 1981 jukwaa hilo liligeukia habari za Wajapani wa Marekani waliofungiwa kambini na serikali ya Marekani wakati wa vita hivyo, watu wapatao 120,000, jambo ambalo Mako mwenyewe hakulipitia kwa kuwa wakati huo alikuwa bado Japani.

Si kweli basi kwamba hakuwahi kuwa stelingi. Alikuwa, lakini jukwaani. Mwaka 1976, katika mchezo wa nyimbo wa Pacific Overtures uliotungiwa muziki na Stephen Sondheim, alikuwa msimulizi anayeubeba mchezo mzima, na akateuliwa kuwania Tony, tuzo kubwa ya michezo ya jukwaani Marekani, ya mwigizaji bora wa kiume. Anayemsikiliza Iroh leo, au yule jini mbaya Aku katika katuni ya Samurai Jack, anasikia koo lililonolewa miaka mingi mbele ya hadhira.

Ukitaka kumfahamu kwa sura, anza na The Sand Pebbles. Tenga takriban saa tatu, na watoto wawe wamelala, maana kifo cha Po-han si cha kuonyeshwa watoto.