Sungura Wangu Aliwadanganya Watoto: Ushauri kwa Anayepanga Katuni ya Sindano

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nataka kutengeneza katuni fupi ya kuwapunguzia watoto hofu ya kutolewa damu. Nianze na michoro au na sauti?" Nilimjibu harakaharaka kwamba aanze na watoto wenyewe, kisha usiku nikakosa usingizi. Swali lake lilitonesha kidonda nilichodhani kimepona.

Katuni yangu ya kwanza ilikuwa ya dakika 3. Kwa michoro 12 kila sekunde, hiyo ni michoro 2,160, na mingi niliichora kwa mkono wangu. Shujaa alikuwa sungura mdogo. Anaingia chumba cha sindano akirukaruka, anaketi, nesi anamwambia haiumi hata kidogo, anachomwa huku akicheka, anabandikwa plasta yenye nyota. Watu wazima wote walioiona walinipongeza, nami nikajiona nimefika.

Tukaionyesha wodini. Binti mmoja wa miaka kama 6 aliitazama mara mbili, akaingia kutolewa damu bila kushikwa mkono. Alitoka amekunja kiwiko, akanipita bila kuniangalia, akamwambia mama yake, "Sungura mwongo." Nesi alinieleza baadaye kwamba safari iliyofuata walihitajika watu wawili kumshika.

Nilimwomba mwenzangu wa kazi tuiondoe katuni ile. Akasema machozi ya mtoto mmoja hayawezi kufuta kazi ya miezi 8. Hapo ndipo tulipoachana. Mpaka leo anawaonyesha wateja wake, na mpaka leo inaniuma.

Kwa ruhusa ya wazazi na manesi, nilianza kukaa asubuhi nje ya chumba kile, nikisikiliza tu. Nilichosikia hakikuwemo popote kwenye mswada wangu. Mvulana mmoja aliyetundikiwa dripu hakusogeza mkono siku nzima, kwa sababu aliamini sindano bado imo ndani. Hakuna aliyemwambia kwamba sindano hufungua njia tu kisha huchomolewa, na kinachobaki kwenye mshipa ni kijimrija laini cha plastiki. Mwingine alipofungwa mpira juu ya kiwiko alidhani mkono unakwenda kukatwa. Mwingine aliogopa damu yake yote itaisha, ilhali kichupa cha vipimo hubeba mililita chache, kama kijiko cha chai, na mwili hutengeneza nyingine. Na yupo aliyeniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, amefanya kosa gani hata aadhibiwe hivi. Watoto wadogo wengi huona ugonjwa kuwa ni adhabu. Swali lile ndilo lililokuja kuwa mstari wa kwanza wa katuni yangu ya pili, na nesi anamjibu sungura: "Hujakosa kitu."

Mwaka 1975 wanasaikolojia wa Marekani, Barbara Melamed na Lawrence Siegel, walichapisha utafiti juu ya watoto 60 wa miaka 4 hadi 12 waliokuwa wakienda kufanyiwa upasuaji. Kundi moja lilitazama filamu ya mtoto anayelazwa, anayekiri kwamba anaogopa, na anayevuka kila hatua hata hivyo. Kundi la pili lilitazama filamu isiyohusu hospitali. Wale wa kundi la kwanza walikuwa na wasiwasi mdogo zaidi, kabla ya upasuaji na baada yake. Nilipousoma niliona haya. Sungura wangu hakuogopa chochote, kwa hiyo hakuwa na la kumfundisha mtoto anayetetemeka.

Basi, ndugu zangu mnaoandika kwa ajili ya watoto, acheni kuwaambia haiumi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015 kuhusu maumivu ya chanjo, linaonya hata dhidi ya kusema itauma sekunde moja tu. Sungura wangu wa sasa anaambiwa: "Utahisi kuchomwa. Ukitaka kulia, lia. Mkono tu utulie." Naye analia. Analia na mkono umetulia, na hapo ndipo penye ushujaa wake.

Kutafuta fedha na kupaka rangi ni habari ndefu isiyo na utamu, naziruka. Ila msiruke animatiki, yaani michoro ya penseli iliyopangwa kwa muda wake pamoja na sauti. Yangu ilikuwa ya sekunde 90, mistari mitupu, na niliwaonyesha watoto hivyohivyo. Mmoja aliuliza, "Mama yake yuko wapi?" Nilikuwa nimesahau kumchora mama! Nilikuwa nimemlaza sungura peke yake kitandani, wakati mtoto hutulia zaidi akiwa ameketi wima, kwenye mapaja ya mtu wake. Nilibadilisha picha 9 jioni ileile. Zingekuwa zimeshapakwa rangi, nisingethubutu. Waulizeni watoto kazi ikiwa bado ya penseli. Narudia: waulizeni watoto.

Katuni ya pili imeanza kuonyeshwa mwezi uliopita. Nilisimama mlangoni, tumbo limenikaza. Mvulana mmoja alilia tangu alipofungwa mpira hadi plasta, na mkono haukutikisika. Alipomaliza alimuuliza nesi kama sungura naye alikunjua kiwiko mara moja au alisubiri. Sikuwa nimeonyesha hilo. Nimeliongeza.

Na wewe uliyeniandikia, swali lako sijalisahau. Sauti hutangulia, kwa sababu mdomo huchorwa kuifuata. Mpe mtoto halisi aseme maneno ya mhusika, umwache avute pumzi anapotaka. Kisha nitumie animatiki yako, hata kama ni ya penseli.