Mwanangu, umeniuliza ungemjibu nini

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata kwa yule kijana wa boti, pamoja na dawa za presha. Mungu akulipe. Unasema ulikuwa ukisomesha Uraia, umefika pale panapouliza Mtanzania ni nani, na yule mtoto wa watu wa Tabora, aliyezaliwa hapo hapo Unguja, hospitali ya Mnazi Mmoja, akasimama akauliza: "Mwalimu, na mimi Mzanzibari?" Darasa likacheka. Mmoja huko nyuma akamwita chogo, lile tusi la watu wa bara. Wewe ukafunga kitabu, na sasa unataka nikwambie ungemjibu nini.

Sheria unaijua kunishinda. Ile ya Mzanzibari ya 1985 inarudi mpaka tarehe 12 Januari 1964, siku ya Mapinduzi, na kuuliza nani alikuwa akiishi hapa. Ile namba 7 ya 2005 ndiyo iliyoleta kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, ukitimiza miaka 18. Pasi zetu sote ni za Tanzania. Ungemsomea yote hayo angekuwa kajibiwa, na angekaa kitako vile vile alivyosimama. Basi hilo nakuachia wewe na kitabu chako. Mimi nataka kujua waliocheka uliwafanya nini. Barua nzima hukunambia.

Kaka yako wa Vanga, kule pwani ya Kenya, unamkumbuka. Ndiye aliyekufunza kuogelea hapa Pemba, Wete, ukanywa maji ya chumvi ukarudi unalia. Lakini alivyokuja hukumbuki, ulikuwa hujaanza hata chuo cha Kurani. Mama yako mkubwa, binti wa ami yangu, alimleta na jahazi wakati wa maleleji, bahari imelala. Kule alikuwa kafika darasa la nane akakwama. Kusajiliwa mtihani kunataka cheti cha kuzaliwa, cheti kinataka kitambulisho cha mzazi, na mzazi hanacho. Ami yangu alikwenda kuvua pwani ile miaka ya 1940, akaoa, akajenga, akazikwa huko, na mpaka anazikwa aliitwa Mpemba. Mtoto naye skuli wakimwita Mpemba, na hawakumwita kwa mapenzi. Mama yako mkubwa akaona basi, kama ni Mpemba, na apelekwe Pemba akasome.

Nikamtia darasa la saba, darasani kwangu. Siku ya kwanza nikamwambia ajitambulishe, akasema katoka "shule" ya Vanga, si "skuli" kama tusemavyo sisi. Darasa zima likaangua kicheko. "Mkenya huyo!" Aliyeanza ni yule mtoto wa Limbani, mtundu, ambaye haipiti wiki hajachapwa. Yule wa Vanga nilimwandika kwenye daftari la mahudhurio, jina la mwisho, kwa wino wa buluu. Unajua ninavyosema siku zote, na marehemu babako alikuwa akinicheka kwa hilo: mtoto akishaitwa jina darasani, ni wa darasa lile.

Haukupita muda mwalimu mkuu akaingia. Simtaji jina, keshatangulia mbele ya haki. Alikuwa na rula na kalamu nyekundu. Akasema sheha, yule mkubwa wa serikali wa mtaani, kakataa kumwandikia yule mtoto barua ya ukaazi, kwa hiyo hayumo. Akaliweka daftari juu ya meza yangu mbele ya watoto, akaweka rula juu ya jina, akapiga mstari. Rula ikateleza, mstari ukapinda ukalikata na jina la mtoto wa juu yake. Akaguna. Akatoa wembe mfukoni, ule wa kuchongea penseli, akaanza kuukwangua ule wino mwekundu kwenye jina la juu, taratibu, akipuliza vumbi la karatasi, mpaka jina la yule likabaki safi. La chini hakuligusa. Na mwenyewe jina lake yuko dawati la mbele, anatazama kazi yote ile.

Mimi nimeshika chaki. Mpaka leo nikiona wembe ule roho inanipanda.

Kesho yake nikaita majina, nikafika mwisho, nikafunga daftari. Yule mtundu wa Limbani akasema: "Mwalimu, umemruka mmoja." Nikamwambia hayumo. "Yumo, huyu hapa," akasema, na akamshika bega. Wenzake wakaitikia, "Yumo!" Toka siku hiyo ikawa ada: nikimaliza jina la mwisho lililoandikwa, mimi nanyamaza, wao wanaitika. Mwalimu mkuu ofisini anasikia, maana ukuta wenyewe ulikuwa haufiki juu. Hakusema kitu.

Mtihani hakufanya. Karatasi za mtihani huja kwa idadi ya majina, na yeye jina hana. Msimu wa karafuu ulipoanza akachuma na wenzake, akapata nauli, akarudi Vanga kuvua.

Sasa usidhani nakwambia yule mwalimu mkuu alikuwa mtu mbaya. Babako alipofariki yeye ndiye aliyesimamia kaburi mpaka mwisho. Na nimejiuliza sana: angemwacha yule, na wiki ya pili wakaja watano, wa tatu wakaja ishirini, angewaambia nini wakubwa wake? Kisiwa ni kidogo. Mwenye nyumba ndogo huhesabu wageni, na wala si uroho, hana pa kuwalaza. Mimi mwenyewe kitambulisho changu nakitunza kuliko dhahabu, na mtu akiniambia kifutwe nitagombana naye. Kwa hiyo naelewa. Lakini hapo hapo najikatalia: yule hakuwa mgeni! Bibi yake mzaa baba kazikwa Mtambwe. Halafu najikatalia tena: na kama asingekuwa na kaburi hata moja hapa, kama huyo wako wa Tabora, ningemwachia akwanguliwe? Hapo ndipo ninaponyamaza.

Kila mwaka Septemba 23 tukiadhimisha elimu bila malipo, ile iliyotangazwa 1964, mimi hujisemea kuwa ilitangazwa kwa watoto, na mtoto ni mtoto. Labda najidanganya. Mwaka ule ule, na baada yake, kuna watu walipanda majahazi usiku kwenda huko huko pwani ya Kenya, na watoto wao ndio hao waliokaa miaka yote hawana karatasi. Na Januari 2001, sisi tuliojiona tuna kwetu, watu wapatao 2,000 walivuka kukimbilia Shimoni, Kenya, kwa vurugu za baada ya uchaguzi. Mama yako mkubwa, asiye na kitambulisho cha nchi yoyote, akalaza nyumba nzima ya watu wa huku. Hakuna aliyemuuliza sheha.

Kenya iliwatambua Wapemba wake mwaka 2023, na Julai ya mwaka ule Rais Ruto akafika Kilifi na karatasi zao. Kaka yako akanitumia picha ya kitambulisho chake kwa WhatsApp. Ndevu nyeupe, mwanangu! Mtu ana wajukuu ndiyo kwanza anazaliwa kwenye daftari la serikali. Akanipigia, anacheka mpaka anakohoa: "Mama mdogo, sasa mimi Mkenya kweli. Huko kwenu nije na pasi?" Nikamwambia aje na samaki.

Nani alikuwa na haki, mimi au mwalimu mkuu, sitakwambia. Ulimi unaniwasha, lakini mtu kafa hawezi kujitetea, na wewe uko darasani, mimi niko barazani. Ila mtoto akishaitwa jina darasani ni wa darasa lile, na hilo sheria iseme itakalo. Na huyo aliyetamka chogo, usimchape. Mpe daftari aite majina yeye, wiki nzima. Wangu wa Limbani sikumfunza mimi. Nakiri sijui kilichomgeuza usiku ule mmoja, na nimekutana naye sokoni mara nyingi tu, naona haya kumuuliza.

La mwisho ni la haraka. Mwite mama wa yule mtoto, sio baba, akina baba husema "nitakwenda" hawaendi. Muulize cheti cha kuzaliwa kipo? Kama hakipo, aende kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii sasa hivi, angali mdogo na kadi ya kliniki haijaliwa na mchwa. Asingoje afike miaka 18 ndipo aanze kutafuta sheha. Mwende naye wewe siku ya kwanza. Mwalimu akiwepo pale dirishani watu husemeshwa vizuri. Nauli yake nimeitia kwenye bahasha hii, usiirudishe.

Mamako, Wete