Matangazo ya biashara kwa anwani zote za wanafunzi

Unauliza kama chuo kinaweza kutuma matangazo ya biashara kwenye barua pepe za wanafunzi wote kwa sababu anwani hizo ni zake. Hapana, ndugu. Anwani kuwa ya chuo hakumpi mtu ruhusa ya kuitumia kuuza kozi za nje au hosteli. Kwa Kenya, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakataza kutumia taarifa za mtu kibiashara bila idhini yake ya wazi, isipokuwa pale sheria nyingine inaporuhusu na mwenyewe alifahamishwa wakati taarifa zinachukuliwa. Kujiandikisha chuoni si idhini ya kutumiwa matangazo. Na hata ukikubali, kanuni za 2021 zilizotungwa chini ya sheria hiyo zinataka upewe njia rahisi ya kujiondoa, bila kulipa chochote.

Nimehudumu miaka kadhaa kwenye kitengo cha TEHAMA cha chuo kimoja. Orodha ya wanafunzi wote kwetu ilikuwa ya taarifa rasmi tu, na hakuna aliyetuma bila kibali. Tulikuwa wakali kwa sababu ujumbe ukipelekwa kwa maelfu na wengi wakaubonyeza kuwa taka, seva za nje (kompyuta zinazopokea barua pepe za huduma nyingine) huanza kuzitilia shaka barua zote za chuo, hata ile ya kumjulisha mtoto wa watu kwamba amepata nafasi.

Ila ujumbe wa karo, ratiba au mitihani si tangazo la biashara, huo utaendelea kuupata. Ya kibiashara yakizidi, waandikie chuo kwanza; wakinyamaza, peleka malalamiko Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.