Usimpaushe Mteja Wako: Kwa Wapiga Picha Wenzangu wa Dar

Wiki hii mdogo wangu mmoja wa Mbagala kaniandikia: "Kaka, kamera ninayo, wateja wapo, lakini sura zinatoka kijivu kama watu wamejipaka majivu. Ninunue kamera gani?"

Usinunue kamera yoyote, mdogo wangu. Hela hiyo lipia kodi ya fremu ya duka.

Kamera haijui kwamba mbele yake kuna mtu. Inapima mwanga wote ulioko mbele yake na kukata wastani. Msimamishe bwana harusi mweusi kama mimi mbele ya kuta nyeupe za Kanisa la Azania Front saa 6 mchana: kamera itaona weupe umezidi, itapunguza mwanga, na atakayeumia ni bwana harusi. Kwa hiyo usipime ukuta. Sogea karibu, pima shavu, funga kipimo hicho, ndipo urudi nyuma upige. Au tumia kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ongeza mpaka uso ufanane na unaouona kwa macho. Ukuta ukiungua, ukatoka mweupe mtupu, uungue. Hakuna aliyelipia ukuta.

Haya sikuyaokota barabarani. Kampuni moja ya hapa mjini, sitaitaja, iliniita nipige picha za wafanyakazi wake wote kwa ajili ya kalenda. Nikakataa ule ukumbi wao wa taa za dari, nikachagua veranda ya nyuma, upande usiopigwa na jua, kila mtu akitazama nje kwenye uwazi. Mama wa usafi akaja paji la uso linang'aa mafuta. Dada wa mapokezi akakimbilia poda. Nikamzuia, nikamfuta mama ncha ya pua tu. Kwenye ngozi yetu mng'ao ule ndio unaochora mfupa wa shavu; ukiufuta wote, uso unabaki bapa. Nasema bila aibu: picha ile ni miongoni mwa nzuri nilizowahi kupiga.

Siku mbili tatu baadaye bosi mmoja akanipigia. "Fundi, zimekuwa nyeusi mno, zing'arishe." Nikamuuliza ni nani kati yao aliyetoka mweusi kuliko alivyo. Akakata simu. Mwisho wa mwaka nikaikuta kalenda yao imetundikwa saluni moja Sinza. Picha zangu zilezile, nimezijua kwa nguzo ya veranda, ila wamempa kijana mwingine azipaushe. Yule mama ana uso wa rangi ya maziwa, na mikono yake mwenyewe.

Ugonjwa huu una historia. Enzi za filamu, Kodak walikuwa wakizipelekea maabara kadi yenye picha ya mwanamke wa kizungu, maarufu kama Shirley, ili mafundi wapimie rangi ya ngozi. Yeye akitoka vizuri, kazi imekwisha. Wazee wetu wakatoka macho na meno. Sawa, wao walikuwa na mashine ya kulaumu. Wewe unayevuta weupe kwa kidole chako mwenyewe kwenye simu, unamlaumu nani? Binti amekuja kupigwa picha za sendofu, amelelewa na rangi hiyo, anapendwa na rangi hiyo, unamkabidhi mama yake binti wa watu wengine! Jamani, tuache.

Najua mtanijibu kwamba wateja wenyewe ndio wanaoomba. Wanaomba, ndiyo. Lakini mara nyingi kinachomkera mteja ni kivuli, rangi anaisingizia tu. Mwanzoni mwa Machi, na tena Oktoba, jua la mchana hapa Dar linasimama utosini kabisa, macho yanageuka mashimo. Msogeze kivulini, tandaza shuka jeupe mapajani mwake limrudishie mwanga kidevuni, kisha umwonyeshe. Ombi la weupe huwa linaishia hapo. Ila angalia kivuli chenyewe: chini ya mwembe shavu linapata ukijani, na karibu na bati la bluu ndiyo usiseme. Coco Beach nendeni baada ya saa 11 jioni.

Na mtafuteni Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio Bamako mwaka 1948. Mwanga wake ulikuwa wa jua, uani, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani. Filamu ilikuwa ghali, hivyo mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu. Zitazameni ngozi zile, halafu mniambie tena habari za kamera mpya.

Mdogo wangu wa Mbagala, la mwisho ni malipo. Nusu kabla hujatoa kamera kwenye begi, nusu kabla hujatuma picha, hata mteja awe na jengo la ghorofa ngapi. Ile nusu yangu ya kalenda sijaiona mpaka leo.