Kupimwa sikio kwa maji: usiogope

Pole sana dada. Umesema kizunguzungu kinakusumbua tangu Ramadhani, na sasa daktari anataka kukutia maji sikioni, nawe unaogopa. Mimi nilishapimwa. Unalala chali, kichwa kimeinuliwa kidogo, kisha kila sikio linatiwa maji ya nyuzi 30, baadaye ya 44. Baridi au joto hilo husukuma majimaji ya sikio la ndani, linaloshika usawa wa mwili, na macho yanaanza kuchezacheza yenyewe. Yakicheza kidogo mno sikio moja linapotiwa maji, sikio hilo ndilo dhaifu. Chumba kitazunguka dakika moja mbili, halafu kinatulia.

Ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, sema mapema, watumie hewa. Dawa za kizunguzungu usiache bila kumuuliza daktari. Nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani. Lakini ulimi ukiwa mzito au upande mmoja ukilegea ghafla, usingoje kipimo, kimbilia hospitali.